Tabaka nane na bado inavuja: jibu kwa mama anayeshona pedi za kufua

Swali: "Habari za kazi, fundi. Nashona mwenyewe pedi za kufua, zangu na za binti yangu wa miaka 13 aliyeanza hedhi mwaka huu. Nilianza na tabaka nne za flaneli, zikavuja pembeni. Nikaongeza hadi nane, na katikati nikaweka plastiki ya mfuko. Bado zinavuja pembeni, na sasa zinanuka hata zikitoka kufuliwa. Nazifua kwa maji ya moto na dawa ya kulainisha nguo ili zisimkwaruze mtoto. Binti anaona aibu zikianikwa nje, kwa hiyo tunaanika chumbani. Nakosea wapi? Na hizi nilizonazo nizitupe?"

Jibu: Nzuri, dada yangu, na asante kwa kueleza mpaka sabuni na mahali pa kuanikia. Wengi huniandikia "pedi yangu inavuja" wakaishia hapo, nami nabaki kukisia. Kwa haya uliyoyataja naona kosa moja ndilo limezaa mengine: pedi zako ni nene mno. Ulipoona zinavuja ukaongeza kitambaa. Kitambaa kikiwa kingi hakisuuziki hadi ndani wala hakikauki, na kisichokauka kinanuka. Na kuvuja kwenyewe hakukuisha, kwa sababu hakukuwa kunatokana na uchache wa kitambaa.

Tuanze na hesabu ndogo. Damu inayomtoka mwanamke katika hedhi nzima, siku zote zikijumlishwa, ni mililita 30 hadi 40 kwa wastani. Ikizidi 80 huhesabiwa kuwa nyingi kupita kawaida. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5, kwa hiyo tunazungumzia vijiko sita hadi vinane vya damu kwa siku zote hizo. Ongeza majimaji mengine yanayotoka pamoja nayo, bado si kiasi cha kuzishinda tabaka nne za flaneli nzuri kwa saa nne au tano. Ukipima nafasi tu, pedi zako za mwanzo zilitosha. Kilichokosekana ni kasi ya kunywa, na pedi kutulia mahali pake.

Chukua mojawapo ya pedi zako kavu, iweke mezani, kisha udondoshee tone la maji kwa ncha ya kijiko. Litazame kwa karibu. Kitambaa kizuri kinalinywa mara moja, na doa la unyevu linatanuka polepole likiwa duara. Kama tone linasimama juu likiwa limevimba na kung'aa, halafu linateleza ukiinamisha pedi, basi umeshaona kinachotokea chupini. Damu inafika, haikaribishwi, inatafuta ukingo. Nina hakika pedi zako zitafanya hivyo, na mhalifu ni dawa ya kulainisha. Inafanya kazi kwa kuacha utando wa mafuta juu ya nyuzi. Huo ndio ulaini unaousikia kwa vidole, na huo huo ndio unaozuia maji yasiingie. Usiitumie tena kwenye pedi, taulo wala nepi. Ukitaka flaneli iwe laini, ikung'ute vizuri kabla ya kuianika, na ikishakauka isugue kwa viganja.

Kuvuja kwa pembeni kuna sababu nyingine mbili, na hizi ni za mshono.

Ya kwanza: tabaka zako zinafika mpaka ukingoni. Umekata vipande vyote kwa kiolezo kimoja, ukavipanga na kuvishona pamoja kuzunguka. Flaneli ikifika kwenye mshono wa pembeni inabeba unyevu hadi hapo, uzi unaupokea, chupi inaupokea kutoka kwenye uzi. Kiini cha kunyonya lazima kiishie ndani, angalau sentimita moja kabla ya ukingo, na kisiingie kabisa kwenye mabawa. Halafu tumia uzi wa poliesta. Uzi wa pamba hunyonya na kusafirisha maji kando ya mshono.

Ya pili ni mabawa, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea bila kujua. Hukunitajia vipimo, lakini nadhani vifungo vyako vimekaa mbali. Kuna kanuni rahisi: pedi ikiwa imelazwa wazi, umbali kutoka kifungo hadi kifungo uwe mara mbili ya upana wa chupi pale katikati, panapopita kati ya mapaja. Chupi nyingi hapo zina upana wa sentimita 6 hadi 7. Kwa hiyo vifungo viachane sentimita 14 hivi, si zaidi. Ukiviweka sentimita 18 au 20, pedi itafungika vizuri na utaridhika, kumbe imelegea. Ukitembea kidogo inasogea mbele au nyuma, mapaja yanaikunja katikati, na ule mkunjo unakuwa mfereji wa kupeleka damu pembeni. Unene unaongeza ubaya huu, kwa kuwa kitu kinene chenye upana mdogo kinapinduka upande badala ya kulala.

Kuhusu plastiki ya mfuko, iondoe. Haidumu kwa kufuliwa, inapasuka vipande vidogo ndani usivyoviona, inapiga kelele mtoto akikaa darasani, inafungia jasho, na kubwa zaidi inatenganisha pedi katikati hata upande mmoja usikauke. Kitambaa kinachofaa ni kile cha pamba au poliesta kilichopakwa utando wa poliyurethani upande mmoja, kinachouzwa kwa ajili ya nepi za kufua. Mafundi wanakiita PUL. Usipokipata, kitambaa cha koti la mvua kilicho laini au kile cha mwavuli kinafanya kazi. Flisi nzito ya poliesta nayo husaidia, ila ikikandamizwa kwa muda mrefu huruhusu unyevu kupita, kwa hiyo naihesabu kuwa ya siku nyepesi.

Sasa ushauri wangu mkuu: acha kushona pedi ya kipande kimoja. Shona vitu viwili, ganda jembamba lenye mabawa na kitambaa cha mraba cha kukunja kinachokaa juu yake. Ganda linashikilia na kuzuia, mraba unanyonya. Wakati wa kufua unautoa mraba, unaukunjua, nao unakuwa tabaka moja tu la kitambaa. Tabaka moja linasuuzika kwa dakika chache na linakauka haraka hata mahali pasipo na jua kali. Na likining'inia kwenye kamba, hakuna anayejua ni nini. Ni kitambaa cha mraba kama vingine. Hapo aibu ya binti yako imepungua bila kuhubiriwa.

Vipimo vyangu ni hivi, nawe urekebishe kwa mwili wako. Mraba: kata flaneli ya pamba tupu sentimita 26 kwa 26, pinda ukingo sentimita moja kila upande, ubaki na 24. Kama una ovaloki, kata 24 kwa 24 upitishe ukingo tu, unakuwa mwembamba zaidi. Ukiukunja sehemu nne zilizo sawa unapata ukanda wa sentimita 6 kwa 24 wenye tabaka nne. Kwa usiku, kata wa urefu wa 32 na upana ule ule, au weka miraba miwili. Flaneli naipendelea kuliko taulo. Taulo linabeba maji mengi ukilipima, lakini ukilikalia linayaachia. Kitambaa cha mikrofaiba ndicho kibaya zaidi kwa hilo. Fulana kuukuu za pamba ni nzuri sana, zimeshafuliwa mara nyingi na nyuzi zake ziko tayari kunywa.

Ganda: katikati liwe na upana wa sentimita 7 na urefu wa 27 likiwa tayari, na mabawa yakitanuliwa yafike 17 kutoka ncha hadi ncha. Ongeza sentimita moja ya mshono kuzunguka. Kipande cha juu kiwe pamba nyepesi, cha chini PUL. Kabla hujakata chochote, fua vitambaa vya pamba kwa maji ya moto na uvikaushe, mara mbili kama ni flaneli. Flaneli husinyaa, na ukiiunganisha na PUL isiyosinyaa utapata pedi iliyojikunja kama jani kavu baada ya fuo la kwanza.

Kwenye kipande cha juu, upande wa uso, weka vipande viwili vya lastiki yenye upana wa sentimita moja, kimoja sentimita 4 kutoka mbele, kingine sentimita 4 kutoka nyuma. Vivuke upana wote na ncha zake ziingie kwenye mshono. Usivivute, vilale tu, maana vikivutwa vitakunja ganda. Hivi ndivyo vitakavyoushika mraba. Kisha panga vipande uso kwa uso. Upande wa PUL unaong'aa, ule wenye utando, unapaswa kuishia ndani, ukitazamana na pamba. Kwa hiyo wakati wa kushona upande huo unakuwa nje, juu. Cherehani nyingi huganda hapo, kitambaa kinanata chini ya mguu. Weka karatasi nyembamba juu yake, shona ukipita juu ya karatasi, halafu uichane. Tumia sindano namba 80, yenye ncha ya mviringo kama unayo, na hatua ya milimita 3. Hatua fupi mno zinatoboa PUL mfululizo mpaka inachanika kama karatasi ya stempu.

Usitumie pini katikati. Kila tundu kwenye PUL ni mlango. Shika kingo kwa vibanio vya kuanikia nguo, au weka pini ndani ya ile sentimita moja ya mshono tu. Acha uwazi wa sentimita 6 upande mmoja ulionyooka, kata vipasuo vidogo kwenye kona za mabawa bila kugusa uzi, geuza, nyoosha kingo kwa vidole, kisha pitisha mshono wa juu milimita 3 kutoka ukingoni kuzunguka pedi yote. Mshono huo unafunga uwazi na kuzuia ganda lisijipindue. Ukiishia hapo umemaliza. Usipitishe mistari ya mapambo katikati, hata kama cherehani yako inajua maua.

Vifungo: vile vya kubonyeza, vya plastiki au vya chuma vya kushonea. Kiweke kila kimoja sentimita moja na nusu kutoka ncha ya bawa, kimoja kikitazama juu, kingine chini. Ongeza kifungo cha pili upande mmoja, sentimita moja ndani zaidi, ili pedi hiyo hiyo ikae kwenye chupi pana na nyembamba. Chini ya kifungo weka kiraka kidogo cha kitambaa kigumu, la sivyo kitang'oka na kipande cha PUL. Vifungo vya kawaida vya shati vinaumiza mtu akikaa, na utepe wa kunata hukusanya nyuzi na kukwaruza paja.

Rangi utaichagua wewe. Wasichana hupenda nyeusi au nyekundu nzito kwa sababu haionyeshi doa, na kwa ganda sina neno. Kwa mraba mimi nasisitiza rangi ya kupauka. Kitambaa cheusi kinakufichia doa na kinakufichia pia kwamba hujamaliza kusuuza.

Nije kwenye kufua, maana hapa nako umepindua utaratibu. Maji ya moto kwanza ni kosa. Damu ina protini, na protini ikipata joto inaganda kama ute wa yai, ikiwa imeshashika uzi. Anza na maji baridi. Kunjua mraba, upitishe chini ya maji au uubonyeze kwenye beseni mpaka wekundu upungue, mwaga, weka maji mapya. Ukiwa huwezi kufua papo hapo, loweka kwenye maji baridi, ila usipitishe usiku mmoja. Maji yaliyokaa siku mbili na damu ndani ni shamba la bakteria, hata ukiweka chumvi. Kuhusu hiyo chumvi, watu wanaisifu sana. Haina ubaya, lakini kazi kubwa inafanywa na ubaridi wa maji na muda.

Baada ya hapo sabuni ya kawaida, kidogo, na kusugua kitambaa kwa kitambaa. Sabuni za unga zenye vimeng'enya zinafaa, kwa maji ya uvuguvugu. Kisha suuza mpaka maji yawe safi na yasitoe povu. Damu ikishatoka yote, hapo sasa unaweza kutumia maji ya moto kwenye miraba, hata ya nyuzi 60, ukipenda. Ganda lenye PUL lisipate joto kali, na usilipige pasi. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nayo inakula PUL na lastiki. Kwa doa sugu tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3: idondoshee kwenye doa likiwa na unyevu, utaona povu likichemka, acha dakika chache, suuza kwa maji baridi. Jaribu kwanza pembeni, maana inaweza kufifisha rangi. Na usichanganye klorini na siki au amonia kwa hali yoyote, mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Doa la kahawia linalobaki baada ya yote hayo si uchafu. Mraba wenye doa uliofuliwa na kukauka ni safi, na jua litalififisha taratibu.

Kukausha ndiko kunakoamua kama pedi ni salama. Jua la moja kwa moja ni bora, kwa miale yake na kwa kasi yake. Pasipo na jua, upepo. Chumbani si vibaya ikiwa dirisha liko wazi na kitambaa kimetandazwa tabaka moja, kikiwa mbali na ukuta. Kibaya ni kukificha chini ya godoro, nyuma ya mlango chini ya nguo nyingine, au kukifunika kwa kitambaa kizito. Kabla ya kuhifadhi, bana mraba kati ya shavu na kiganja. Shavu linatambua unyevu ambao vidole haviutambui. Ukisikia ubaridi, rudisha kwenye kamba.

Kwa binti yako: ganda moja amevaa, na kwenye mkoba mfuko mdogo wenye miraba miwili mikavu iliyokwisha kukunjwa, chupi moja ya akiba, na mfuko wa pili wa kitambaa kisichopitisha maji wa kuwekea uliotumika. Chooni anachomoa mraba, anaweka mwingine, ganda linabaki palepale isipokuwa limelowa. Abadilishe kila saa nne hadi sita, mapema zaidi siku nzito. Uliotumika ausuuze akifika nyumbani, usilale mfukoni. Mvalishe ganda na mraba siku ambayo hana hedhi, akimbie, apande ngazi, akae chini na kuinuka. Kama kuna kinachosogea, mtajua mkiwa nyumbani. Na ashone angalau mraba mmoja kwa mkono wake. Aliyeshona kitu anajua kukitunza. Kila mtu awe na zake, msichangie, hata kama ni mama na mwana.

Miaka ya mwanzo hedhi yake inaweza kuruka na kubadilika, hilo ni la kawaida. Ila akilowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au ikizidi siku saba, au akipata muwasho, kuungua au uchafu wenye harufu isiyo ya kawaida, mpeleke akaonwe na daktari. Usikimbilie kubadilisha kitambaa. Na siku ambayo hakuna maji safi ya kutosha wala mahali pa kuanikia, safarini kwa mfano, mpe za dukani za kutupa bila kujilaumu.

Zile ulizonazo usizitupe zote. Fumua mshono wa kuzunguka kwa kifumulio au wembe, toa plastiki. Tabaka zenye madoa meusi meusi ya ukungu au zinazochanika zitupe. Zilizobaki ziloweke kwenye maji ya moto bila sabuni, zikamue, na utazame maji: yakitoa povu au utelezi, mwaga na urudie mpaka yatoke matupu. Hiyo ni dawa ya kulainisha na sabuni ya zamani ikitoka. Zikaushe, urudie lile jaribio la tone. Zinazokunywa zishone mbili mbili kandokando, ukilaza ukingo juu ya ukingo na kupitisha zigizaga, mpaka upate upana wa mraba. Zisizokunywa baada ya kulowekwa mara kadhaa zifanye matambara ya kufutia meza.